Ushuhuda wa Kuazima

9 Februari

Kitindamimba,

Salamu zako, za shemeji mchungaji na za wanangu wote. Sisi huku ni wazima, ukimtoa Mama asiyeweza kujigeuza na mimi mwenye uvimbe kinenani. Paa la jikoni linavuja, cherehani inaruka mishono, na jirani wa mkono wa kulia amepata mjukuu mwenye sauti ya king'ora.

Usinipigie simu. Ukinipigia unalia, na ukilia nashindwa kukusema. Mimi nataka kukusema, ndiyo maana naandika.

Uvimbe ni ngiri. Daktari anasema imetokana na kumnyanyua Mama, kitandani hadi kitini, kitini hadi kitandani, tangu kiharusi kilipomlaza. Lazima nipasuliwe. Nikichelewa utumbo utanasa, na ukinasa watu wataanza kutafuta nguo nyeusi. Baada ya kupasuliwa nisinyanyue hata ndoo. Nikamwambia nina mama wa kumtunza. Akaniuliza, "Huna ndugu?" Nikatazama dirishani.

Njoo ukae na Mama. Sitaki hela, sitaki mtu wa kuajiriwa. Nakutaka wewe, uliyekuja mara moja tu tangu augue, ukakaa kwenye kochi kama mgeni rasmi mpaka gari lako likaja kukuchukua.

Nakueleza kazi ilivyo usije ukaja na viatu vya visigino. Simvui Mama nguo zote hata siku moja. Namfunika shuka, namwosha chini ya shuka kwa kupapasa, macho yangu nayaelekeza ukutani. Huku nikiosha nampigia umbea: nani kaolewa, nani kaachwa, nani kaleta kitambaa cha suti na mwili haumtoshi. Hivyo yeye anakuwa mama anayetembelewa na bintiye, sio mzigo unaooshwa. Nikimaliza namsugua visigino kwa mafuta hadi vinang'aa. Wakati mwingine ananitemea mate. Nafuta, naendelea. Hakuna anayeniona, na hakuna anayenipigia makofi.

Nijibu lini unakuja.

Dada yako

---

1 Machi

Dada yangu mpendwa,

Bwana asifiwe sana! Sisi hapa tunaendelea vizuri kwa neema yake. Watoto wamefungua shule, wa kwanza ameingia kwaya. Shemeji yako amepewa usimamizi wa makanisa mengine ya eneo hili, kwa hiyo nyumba yetu haikauki wageni. Nimenunua sufuria kubwa mbili.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Imenigusa mno. Niliposoma ile habari ya shuka nililia, na usikasirike, maana hapa hunisikii.

Dada, mwezi huu na ujao siwezi kutoka. Kuna makongamano ya akina mama hadi baada ya Pasaka na mimi ndiye mfundishaji. Mada ya mwaka ni unyenyekevu na kutumikia wengine. Ukisema siji kwa sababu ya kazi yangu utakuwa unanionea, maana hii ni kazi ya Mungu.

Lakini sijakutupa. Kiti cha magurudumu kinakuja kwa basi. Na nimeongea na kanisa la hapo kwenu, watakuletea dada wawili wacha Mungu, watakaa na Mama utakapokuwa hospitali. Wapokee kwa upendo.

Mdogo wako katika Bwana

---

15 Machi

Mdogo wangu katika Bwana na katika tumbo la Mama,

Salamu. Tunaendelea. Mjukuu wa jirani bado anapiga king'ora chake. Hongera kwa sufuria.

Kiti kimefika, hakipiti mlangoni. Nimekiweka uani, kuku wa jirani wamekipenda.

Dada zako wawili walifika pia, sare moja, vilemba vinafanana. Waliomba sana. Wakapiga picha na Mama akiwa anatokwa udenda, kabla sijamfuta. Mmoja akafunua shuka lote kwa mara moja, kama anayefungua duka. Mama akaanza kulia ule mlio wake wa koo. Nikawafukuza. Ndiyo, nimefukuza wacha Mungu, kampelekee shemeji mashtaka.

Nimekuomba wewe, sijaomba wawakilishi. Uvimbe umekua. Nikikaa kwenye cherehani naukandamiza kwa mkono mmoja na kushona kwa mwingine.

Dada yako

---

8 Aprili

Dada,

Salamu kutoka kwetu sote. Pasaka imepita salama. Binti yetu mdogo aliugua tumbo lakini amepona.

Nimesikia ulivyowafanyia wale dada. Nimeona aibu mbele ya watu. Mmoja wao ana kidonda cha mguu na alitembea hivyo hivyo kukufuata wewe.

Nikuambie ukweli ambao wateja wako wanaogopa kukuambia kwa sababu una mkasi mkononi? Wewe hutaki kusaidiwa. Unataka kuonekana unavyoumia. Kila anayenyoosha mkono unamwona mchafu, mjinga, hajui shuka linavyoshikwa. Umemshika Mama kama mali yako. Hata Petro alipokataa kuoshwa miguu alidhani ni adabu, kumbe ni kiburi, na Bwana akamkatalia palepale. Wewe unajua kuosha tu, kuoshwa hujui. Huo nao ni unyenyekevu gani?

Nenda hospitali. Kubali watu.

Mdogo wako

---

2 Mei

Mama Mchungaji,

Sikusalimu. Mama ni mzima.

Jana alikuja mteja kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake. Nimempiga pini kiunoni, nina pini nyingine mdomoni, yeye kashika simu. "Fundi," akaniambia, "sikiliza mama mchungaji huyu anavyofundisha unyenyekevu, utabarikiwa." Akaongeza sauti.

Nikasikia sauti ya mdogo wangu. Nikakusikia ukiwaambia akina mama ukumbi mzima: "Mimi mama yangu amepooza. Simvui nguo zote. Ninamfunika shuka, ninamwosha kwa kupapasa, macho yangu yako ukutani." Ukataja umbea. Ukataja visigino na mafuta. Ukasema, "Wakati mwingine ananitemea mate, wapendwa. Nafuta. Naendelea." Hapo sauti yako ikakatika na ukumbi ukalipuka kwa vilio. Mteja wangu naye akalia, kipimo cha kiuno kikaharibika.

Nilikuwa na pini mdomoni, ndizo zilizoniokoa nisitukane mbele ya watu. Nilipozitoa nikaenda uani, nikatukana kuku.

Mwizi wewe! Watu huiba ng'ombe, huiba waume, wewe umeiba mate niliyotemewa. Hujawahi kumshika Mama hata kidole tangu aanguke. Hujui shuka lenyewe lina rangi gani. Na hukukosea hata neno, umekariri kama shairi la shule. Nilikuandikia ili uje. Sikukuandikia ili upate cha kusema.

Sasa sikiliza. Utasimama mbele ya akina mama walewale, kwenye kipaza sauti kilekile, useme ule ushuhuda ulikuwa wa kuazima, na mwenye nao hukumwomba. Halafu utakuja hapa. Usipokuja, mimi nitaendelea kumnyanyua Mama mpaka utumbo unase, na wewe utapata ushuhuda mwingine wa msibani.

Fundi

---

30 Mei

Dada,

Salamu. Watoto wanakuulizia, sijui niwajibu nini.

Nimekaa na barua yako kama mtu aliyekalia kaa la moto. Nimeandika majibu na kuyachana. Majibu yote yalikuwa ya kujitetea, na hili nalo ni la kujitetea, ila limechoka.

Ndiyo, nilisema. Nilisimama pale nimeandaa somo zuri lenye vipengele, nikatazama wale wanawake, wengine wametoka kufua nguo za wagonjwa wao asubuhi hiyo, nikaona sina hata tone moja la kuwaambia. Nilichokuwa nacho ni barua yako mkobani. Mdomo ukasema "mimi" kabla sijaukamata. Na watu walipoanza kulia, dada, nilishindwa kurudi nyuma. Ilikuwa tamu. Nakuandikia hivyo ilivyokuwa.

Lakini nawe jiulize. Kuna wanawake waliotoka pale wakaenda moja kwa moja kwa mama zao. Ungependa wasiende, mradi sifa ibaki kwako? Mtu anayetumika kwa siri haandiki kwamba hakuna anayempigia makofi. Uliandika kwa sababu uliyataka. Basi makofi yalikuja, yakakosea nyumba, na hicho ndicho kinachokuuma.

Nakuja tarehe 20 Juni. Usidhani umenitisha. Shemeji yako alisikiliza somo hadi mwisho, akasema ni zuri mno, kisha akaniuliza mara ya mwisho nilimwosha Mama lini. Akaenda zake kulala. Tangu siku hiyo haongei na mimi zaidi ya salamu.

Mdogo wako

---

28 Juni, nyumbani kwa Mama

Dada,

Pole kwa kisu. Hospitali wamesema umetoka salama chumba cha upasuaji, ashukuriwe Mungu. Jirani anakusalimu. Mteja wa gauni la harusi amekuja mara mbili, nimemwambia fundi amelazwa, akaniangalia sana usoni, akasema sauti yangu anaijua. Nikajifungia chooni.

Nimepiga simu yako, umeizima. Nimempa kondakta wa basi barua hii, kaahidi kuifikisha hadi wodini.

Mama hali chakula. Tangu uondoke anakunywa maji kidogo, lakini uji nikimpelekea anafunga meno. Nimeupoza, nimeupasha, nimetia sukari, nimetoa sukari, nimebadilisha kijiko. Nimeomba kwa sauti, akafumba na macho. Ulinielekeza dawa, ukanielekeza mashuka, ukaniapiza nisiguse cherehani. Habari ya kula hukusema neno, ukapanda basi.

Unamlishaje? Niambie, tafadhali. Nitukane kwanza ukitaka, halafu uniambie. Anapungua mbele ya macho yangu.

Mdogo wako

---

5 Julai, nyumbani kwa Mama

Dada,

Kondakta anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaisoma akiwa amesimama, ukasema hakuna jibu.

Basi usijisumbue, amekula.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda na bakuli, sijala tangu jana yake, nimechoka hadi nikamsahau. Nikaanza kula ule uji wake mwenyewe, na machozi yakiingia humo humo. Nikasikia kitu kinanigusa goti. Ulikuwa mkono wake usiopooza. Nikamtazama, mdomo umefunguka. Nikampa kijiko. Akameza, akafunga meno, akanitazama. Nikala mimi kimoja. Akafungua tena. Tukamaliza bakuli hivyo, mimi kimoja, yeye kimoja.

Mama hali peke yake. Ni jambo dogo kama hilo. Kwa maneno matatu ungekuwa umenimalizia shida.

Ulijua. Niandikie kwamba hukujua, nami nitaamini, ingawa wote wawili tutakuwa tumesema uongo.

Mdogo wako

---

12 Julai, wodini

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mshono ulitunga usaha, ndiyo maana bado nimelazwa, ila sasa unakauka. Kitanda cha jirani yangu kuna bibi anayekoroma hadi dawa zinatikisika kwenye trei.

Nilijua.

Nilijua nilipokuwa nafunga begi, na nilijua nilipoona mguu wangu kwenye ngazi ya basi. Ulimi nilikuwa nao. Nilitaka akushinde. Nilitaka unipigie magoti kwenye karatasi, na ulipopiga, nikaisoma barua yako na moyo wangu ukashiba. Kisha nikaomba. Mimi, ambaye hata kuinuka siwezi, nilifumba macho nikamwomba Mungu Mama aendelee kukataa kijiko chako. Binti mzima anaomba mama yake asile. Nimekuita mwizi. Mimi sasa uniite nani?

Kuna mhudumu hapa, mwanamke mnene, anatuosha asubuhi. Siku ya kwanza kavuta shuka langu lote, pwaa, mbele ya wodi. Nikampigia kelele, nikamwambia hajui kazi. Akasema, "Sijui, dada, lakini leo ni mimi tu." Akaniosha huku anasimulia mumewe alivyoanguka kwenye mtaro. Kazi yake mbaya, maji ya baridi, sabuni masikioni. Nililia hadi akadhani kagusa mshono. Sikuwa nalia kwa kuumia. Nililia kwa sababu nilitaka kumchukia na nilikuwa namhitaji.

Daktari kapita leo. Anasema nisimnyanyue Mama tena. Sio mwezi huu, sio mwakani. Tena kabisa. Nimemuuliza kama yeye amewahi kuambiwa asishike tena kisu chake. Kanitazama kama anayemtazama mtoto.

Sijui mimi ni nani kama simnyanyui Mama.

Dada yako

---

20 Julai, nyumbani kwa Mama

Dada,

Salamu. Mama anakula. Jana alicheka, jogoo alipokaa kwenye kile kiti uani na kukataa kushuka.

Barua yako nimeisoma na kuitupa chini. Nimeiokota kwa sababu nilikuwa na sakafu ya kupiga deki. Nimekukasirikia hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu tuzaliwe. Mimi niliiba maneno. Wewe ulicheza na mlo wa Mama. Siwezi kukuambia nimekusamehe, maana nimeshasema mengi yasiyo ya kweli mwaka huu na nataka kupumzika.

Nimewaandikia akina mama wa kongamano kwamba ule ushuhuda ulikuwa wako, mimi sikuwa nimemwosha mama yangu hata mara moja. Unajua wamejibu nini? Wamejibu, "Tunamtukuza Mungu kwa unyenyekevu wako mkubwa." Wanataka niende kufundisha juu ya toba. Nimewaambia kwa simu nina mashuka ya kufua, na nikajikuta nalitamka lile neno "mashuka" kwa namna ya kutaka wasikie. Hata hapo, dada! Nikaweka simu chini, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Shemeji yako na watoto wanahamia hapa mwezi wa tisa. Kaomba kanisa dogo la hapa, lile lisilo na dari. Mimi sikumwomba.

Nina ombi moja, nalo ni baya. Usije bado. Mama anakuulizia kwa macho, anatazama mlango, najua. Lakini ukiingia tu, mkono wako utajua kila kitu na wangu utasahau. Nitarudi kwenye kochi. Niachie kidogo niwe binti yake.

Mdogo wako

---

27 Julai, wodini

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa jogoo.

Ombi lako nimelikataa. Nakuja Jumamosi, nyumba hiyo nami nilizaliwa humo. Lakini kochini hutarudi. Kochini nitakaa mimi.

Ukimgeuza Mama vibaya nitaona. Ukimfuta kwa nguvu nitaona. Na nitanyamaza, isipokuwa uniulize. Kama nitafumbua mdomo kabla hujauliza, nitoe uani kwenye kuku, sitanii. Sikuahidi kuwa mpole. Nimeahidi kunyamaza, na kwangu mimi huko ni kupasuliwa mara ya pili bila dawa ya usingizi.

Nawe usinisamehe haraka. Subiri unione kwanza.

Kuna jambo la mwisho. Kuinama bado siwezi, na kujiosha miguu siwezi, mgongo ndio kabisa. Mhudumu anasema mtu wa nyumbani lazima aendelee pale anapoishia yeye. Nilifikiria kumwomba jirani. Nilifikiria kumwajiri mtu. Utaniosha wewe. Sentensi hiyo nimeiandika na kuikata tangu asubuhi, na sasa kondakta amesimama hapa anadai barua, basi naiacha kama ilivyo.

Dada yako